Mwaka Kompyuta Ilipochagua Miwa ya Kuchoma

Ujumbe wa Hadija uliingia kwenye simu yangu nikiwa nakata vitunguu. "Mzee Fidelis katutoka. Anazikwa kesho Ifakara. Nimekwambia, usije ukasema hukuambiwa." Niliusoma mara tatu, kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kama ndani ya hilo "usije ukasema" mlikuwa na lawama. Hadija hana tabia ya kuficha lawama. Akiwa nayo anakukabidhi mkononi. Nilizima jiko, nikapanda juu ya kiti, nikashusha kutoka kabati la juu bakuli la bati lenye maua mekundu na mfuniko wake. Nimehama nalo nyumba nne kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kulitumia tena kwa chakula wala kumpa mtu. Wanangu wanajua haliguswi, ila hawajui kwa nini. Nilipokuwa nalifunga kwenye kanga kwa ajili ya safari, binti yangu aliniuliza ni la nani, nikamjibu ni langu. Huo ni uongo, na ndio sababu ya kuandika haya.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya takwimu ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, na barua ya ajira ya majaribio ya miezi sita. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kampuni ilikuwa ya miwa, upande wa juu wa bonde la Kilombero, pale milima ya Udzungwa inaposimama kama ukuta na barabara ya kwenda Ifakara inapita chini yake. Maelfu ya watu walifanya kazi pale, kutoka kila mkoa unaoujua, na wakubwa walikuwa wamenunua programu ya kompyuta ya kuwasaidia kuamua jambo moja tu: kesho tuchome shamba lipi. Maana miwa huchomwa kwanza, majani makavu yaishe, halafu wakata miwa wanaingia na mapanga, na ukishachoma huna siku nyingi. Muwa uliochomwa ukilala shambani unachacha. Mashamba yaligawanywa kwa bloku zenye namba. Programu ilipewa umri wa miwa ya kila bloku, aina yake, kipimo cha utamu na umbali hadi kiwandani, nayo ikatoa orodha. Mtaalamu aliyeileta alikaa wiki tatu, akatuachia kitabu kinene na disketi za akiba, akaondoka. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuibonyeza.

Chumba changu kilikuwa stoo ya mbolea zamani. Walikipaka rangi, wakaweka zulia na kiyoyozi, kwa kuwa kitabu kilisema mashine haitaki joto. Ukiacha ofisi ya Meneja Mkuu, hapakuwa na chumba kingine chenye kiyoyozi, kwa hiyo watu walikiita Friji, na mimi nikawa Dada wa Friji. Madereva wa trekta walikuwa wakileta fomu, wanasimama mlangoni muda mrefu kuliko fomu ilivyohitaji, wanafumba macho. "Dada, fungua mlango vizuri, na sisi tuive polepole." Nilicheka kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi. Usiku nililala nikipima kama wananipenda au wananicheka, na kama mtu anaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Harufu ya mbolea haikutoka kamwe. Hata leo nikipita duka la pembejeo, nahisi kama kuna mtu yuko mlangoni na karatasi.

Kabla ya Friji, uamuzi ulikuwa ukifanyika kwenye banda la chai karibu na karakana. Saa nne asubuhi walikaa pale wasimamizi wa wakata miwa, madereva wawili watatu, Hadija wa redio koli, na Mzee Fidelis, mkuu wa uvunaji. Tulimwita mzee kwa heshima ya cheo. Alikuwa na miaka hamsini hivi, Mpogoro wa Idete, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa na ulimi mkali. Walikunywa chai ya rangi kwa mihogo ya kuchemsha na chumvi, wakibishana. Fulani anasema daraja la upande ule limelegea, mwingine anasema watu wake wamechoka kukata miwa iliyolazwa na upepo, na mwishowe Fidelis anaelekeza kidevu upande mmoja: "Kesho tunakula huku." Meneja wa Mashamba alikuwa akitia saini baadaye. Kitabu cha programu kiliita mambo kama hayo "uamuzi usio na kumbukumbu," na kwenye mkutano wangu wa kwanza Meneja alikisoma kifungu hicho kwa sauti mbele yao wote. Nilimwona Fidelis akitazama mikono yake.

Nilikwenda kwenye banda hilo mara moja, wiki ya pili. Walinyamaza nilipofika, kisha wakaanza kuzungumzia mpira. Nilisimama dakika tano na daftari langu, nikaondoka nikiwa nimeshajihukumu: hawanitaki. Miaka mingi baadaye Hadija aliniambia kwa simu, huku akicheka, "Wewe! Tulisogea kwenye benchi nafasi ya mtu mzima. Shija akakushikia kikombe. Wewe umesimama tu na kalamu kama askari wa trafiki. Nani aongee mbele ya mtu anayeandika?" Nimejaribu kukumbuka kikombe mkononi mwa Shija na siwezi. Nakumbuka daftari tu.

Shija huyu alikuwa mpimaji. Kazi yake ilikuwa kuzunguka bloku kwa baiskeli, kukata muwa, kukamua tone kwenye kipimo, kusoma utamu na kuandika kwenye fomu niliyoichora mwenyewe. Mwisho wa fomu niliweka safu ya Maelezo, nikijisifu kwamba nimewapa watu nafasi ya kusema. Mwezi wa kwanza Shija aliandika kwenye bloku moja: "Njia ina tope, trela itazama." Niliingiza utamu kwenye kompyuta, hayo mengine hayakuwa na mahali pa kuingia, kwa hiyo nikapeleka fomu kwa Meneja. Alimwita Shija ofisini. Nilisikia kupitia ukuta: "Wewe ni mhandisi wa barabara? Nani amekuuliza habari za njia?" Akaamriwa aandike barua ya kujieleza. Tangu siku hiyo, kwenye kila fomu, kwa kila mpimaji, safu ya Maelezo iliandikwa neno moja: Hakuna. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Fomu zilikuwa safi. Nilidhani hiyo ni hali ya mashamba, kumbe ilikuwa hali ya watu.

Miezi ya mwanzo tulisifiwa. Kompyuta ilichagua miwa mitamu kuliko yote, na miwa mitamu ya wakati huo ilikuwa kwenye bloku za mwinuko, kwa sababu ardhi ya juu hukauka mapema na muwa hukomaa haraka. Fidelis yeye alizoea kufanya kinyume. Kiangazi kikiwa kikali alikuwa akikata kwanza bloku za bondeni, zile za udongo mweusi ng'ambo ya kijito, ingawa utamu wake haujafika. Za mwinuko aliziweka akiba kwa siku za mvua, kwa kuwa kule juu trekta hupita hata kukinyesha. Hakuna aliyekuwa ameandika hilo mahali popote. Mwezi wa nane alikuja Friji, akavua kofia, akakataa kiti. "Binti," akasema, "hii mashine imewahi kuvuka kijito?" Nikacheka lile cheko langu la mazoezi. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, kazi njema," akaenda. Jioni nzima niliwaza kama amenitukana. Nilifikia hesabu ya maana sita ambazo swali lile lingeweza kuwa nazo. Ile ya saba, kwamba alikuwa ananiuliza kuhusu kijito, haikunijia.

Ilinijia mwezi wa kumi, kwa bahati tu. Nilikuwa natafuta klipu za karatasi kwenye droo ya stoo nikakuta madaftari ya mvua ya miaka ya nyuma, yaliyoandikwa kwa penseli. Nilikaa sakafuni nikayasoma. Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mistari ilikuwa ikijaa. Nikaenda kwenye orodha yangu nikatazama bloku zilizobaki. Zote zilikuwa za bondeni. Programu haikuwa na safu ya mvua wala ya udongo wala ya njia. Nilijua siku hiyo. Nataka niseme waziwazi, kwa sababu miaka mingi nimekuwa nikijisimulia kwamba sikujua. Nilikuwa na miezi miwili ya majaribio iliyobaki. Meneja alikuwa ameshawaambia wageni kutoka Dar es Salaam kwamba kompyuta haijakosea hata mara moja. Niliandika barua ya kurasa mbili kumweleza, nikaibadilisha maneno siku nne, nikaiona ina kiburi, nikaiona ina woga, nikaiweka chini ya kibodi. Ilibaki pale.

Mkutano wa Jumanne, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, ulikuwa saa kumi alasiri. Juu ya Udzungwa wingu lilikuwa limekaa tangu asubuhi, zito, halisogei. Meneja akauliza kama kawaida yake, "Kompyuta inasemaje?" Nikasoma: bloku ya kumi na nne, yote, ichomwe Jumatano jioni. Bloku ya kumi na nne ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote za bondeni, na ya mbali kuliko zote ng'ambo ya kijito. Feni ilizunguka. "Mzee Fidelis, una neno?" Fidelis aliizungusha kofia kwenye magoti yake, mara moja, mara mbili. "Kama kompyuta imesema, Bwana Meneja, sisi tutachoma." Hadija akakohoa. Meneja akapiga meza kwa kiganja, "Safi!" Karatasi ya kuchoma ilihitaji saini mbili: ya anayependekeza, ambaye ni mimi, na ya mtekelezaji, ambaye ni Fidelis. Nilitia yangu. Yeye aliishika kalamu muda mrefu, akasoma jina langu kwa kidole kama mtu anayesoma kaburi, akanitazama, akatia yake.

Nilikaa kwenye kota ya chumba kimoja na sebule, mwisho wa mstari. Jioni hiyo, kabla ya saa moja, jua likiwa bado limeshika ncha za miwa, nilisikia hatua kwenye changarawe. "Hodi." Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na kikombe. Sauti niliijua. "Hodi, binti." Nilisogea dirishani, nikabinua pazia kwa kidole kimoja. Fidelis alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nyuma yake alisimama mkewe, Mama Leokadia, mwanamke mrefu ambaye nilikuwa nimemwona kanisani tu, na mikononi alibeba bakuli la bati lenye maua mekundu. Nikaliachia pazia. Nilijua amekuja kwa ajili ya bloku ya kumi na nne. Nikifungua, atasema nisichotaka kukisikia; nikikisikia, itabidi niende kwa Meneja; nikienda kwa Meneja, ataniuliza tangu lini nimejua. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate. "Hodi, wenyewe!" Hiyo ilikuwa ya tatu. Baada ya ya tatu mtu mwenye adabu haiti tena. Niliwasikia wakinong'ona, kisha kitu cha bati kikagusa saruji ya kizingiti, kisha changarawe, ikipungua.

Nilisubiri mpaka niliporidhika hawako, nikafungua mlango, nikaingiza bakuli. Ulikuwa wali wa mchele mpya, ule wa Ifakara unaonukia hata kabla ya kufunua, na perege wawili wa kukaanga juu yake, na nyanya. Mvuke ulinipiga usoni. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilikula nimesimama, kwa mkono, nyuma ya mlango niliokuwa nimeufunga kwa komeo, nikalia kidogo, nikaendelea kula.

Wakati huo nilijiambia kwamba msichana anayeishi peke yake hafungui mlango ovyo jioni. Lakini mtu yule alikuwa ameniondolea sababu hiyo kabla sijaitumia: alikuja na mkewe. Alivaa shati la kanisani. Alileta chakula ili ikiwa majirani watauliza, ionekane ni majirani wametembeleana. Hadija ndiye aliyenifafanulia, mwaka ulipokuwa umekwisha na hakuna tena la kufanya. "Mtu mzima hambishii bosi mbele ya watu," alisema. "Anaitikia, halafu anamfuata nyumbani yule anayefuatika. Meneja hafuatiki. Wewe ulifuatika. Asubuhi ungekwenda useme kompyuta imebadilisha, nani angebishana na kompyuta? Meneja haaibiki, wewe huaibiki, Fidelis haaibiki. Miwa inakatwa kule juu." Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. "Ulikuwa na daftari," akasema.

Jumatano yote ilikuwepo ya kurekebisha jambo hilo. Nafikiri siku hiyo ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo, kwa ubaya na kwa uzuri. Asubuhi nilipanga kulirudisha bakuli. Nililiosha, nikakumbuka kwamba bakuli la watu halirudishwi tupu, nikaona sina cha kutia, nikaahirisha. Saa nne nilitoka Friji nikaelekea banda la chai, nikafika kwenye kona ya karakana, nikaisikia sauti ya Fidelis ikisema, "Mafuta ya kuchomea yafike saa tisa," nikageuka kana kwamba nimesahau kitu. Saa saba nilifungua kompyuta, nikagusa namba. Ingekuwa rahisi: ningepunguza utamu wa kumi na nne kidogo tu, orodha ingejipanga upya. Nikaona huo ni udanganyifu, na mimi si mdanganyifu. Nikakaa na usafi wangu huo kwenye baridi. Saa kumi na moja na nusu moshi ulipanda bondeni, mweusi kisha wa kahawia, na mabaki meusi ya majani yakaanza kushuka kwenye kota, juu ya nguo za watu kwenye kamba, juu ya mikono yangu.

Alhamisi wakata miwa waliingia alfajiri, wakakata mpaka adhuhuri, wakapanga marundo. Saa nane mvua ikashuka. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa mvua ya kawaida ya mwezi wa kumi na moja, ile iliyoandikwa kwa penseli. Ilinyesha mpaka giza, ikaendelea kesho yake. Hadija alikuwa akiniletea ripoti za redio koli mwenyewe, miguu imejaa tope, anazisoma bila kunitazama. Trela ya kwanza imezama kabla ya kijito. Trekta iliyokwenda kuivuta imezama. Kijito kimejaa. Jumamosi asubuhi kiwanda kilikosa miwa kikasimama. Mtu ambaye hajaishi kando ya kiwanda cha sukari hawezi kujua ukimya ule. Msimu mzima tulilala na kuamka kwenye mngurumo wake mpaka tukaacha kuusikia, na ulipokatika watu walitoka nje ya nyumba zao wakasimama, wanawake na masufuria mikononi, wanatazama bomba lisilotoa moshi. Upepo ulipogeuka ukaleta harufu ya bloku ya kumi na nne: harufu ya pombe, tamu na mbaya.

Jumatatu tuliitwa kwa Meneja Mkuu, watu wanne chumbani: yeye, Meneja wa Mashamba, Fidelis na mimi. Karatasi ya kuchoma ilikuwa mezani na saini zetu mbili. Meneja Mkuu hakupandisha sauti. "Mzee Fidelis, wewe uko hapa miaka mingi. Ulijua trekta hazitapita?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukatia saini?"

"Nilitia."

"Ulimwambia mtu yeyote?"

Fidelis alitazama zulia. "Nilikwenda kwa binti, Jumanne jioni. Sikumkuta."

Meneja Mkuu akanigeukia. "Ulikuwa wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Hata sasa nikifumba macho naiona, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Fidelis hakunitazama, aliendelea kutazama zulia, kana kwamba haimhusu nitakachosema. "Nilikuwa nimetoka," nikasema.

"Basi," akasema Meneja Mkuu, akaandika.

Fidelis aliondolewa uvunaji akapelekwa kwenye mizani ya getini, kupima trela zinazoingia. Barua ilisema ameshindwa kutoa taarifa kwa wakati. Mimi nilithibitishwa kazini mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, kabla ya siku yake, kwa sifa. Nilisoma barua yangu ile mara nyingi kuliko nyingine yoyote maishani, na sikupata ndani yake sentensi moja iliyokuwa ya uongo. Hilo ndilo lililonitisha.

Wiki chache za msimu zilizobaki, na msimu uliofuata, nilianza kutembea. Kila siku saa tatu na nusu nilikwenda mizani. Shikamoo, marahaba. Fidelis alikuwa na stuli moja. Alinipa mimi, yeye akasimama. Sikuleta daftari. Nilimwuliza madereva wamesemaje, naye alinijibu kama mtu anayejibu habari za hali ya hewa: ng'ambo ya kijito bado, bloku ya tisa njia imepasuka, kule juu kukavu. Alikuwa akipokea habari zote kwa sababu kila trela ilipita mbele yake na kila dereva alisimama kuongea. Nilirudi Friji nikiwa nimezikariri, nikapanga orodha upya kwa mkono, nikaichapa kana kwamba imetoka kwenye mashine. Baadaye niliongeza safu ya udongo na ya njia, nikaifuta safu ya Maelezo. Wageni walikuja wakapiga picha na kompyuta. Meneja aliwaambia programu sasa imezoea mazingira. Hakuna aliyekwenda getini kumpiga picha mtu wa mizani. Na katika asubuhi zote hizo, mimi na yeye hatukuizungumzia ile Jumanne. Siku moja tu, mvua ikiwa inaanza, alisema huku akisoma kipimo, "Mama Leokadia anakusalimu." Nikasema naye msalimie. Bakuli lilikuwa jikoni kwangu, mita mia tatu kutoka pale. Nilikuwa nimeshafikiria kila kitu cha kutia ndani yake, mchele, maharage, sukari, hasa sukari, na kila kimoja nilikiona kinasema zaidi ya ninachoweza kusema.

Sikuwahi mazishi ya Fidelis. Basi lilichelewa, nikafika Ifakara siku ya tatu, watu wamepungua, turubai limebaki na viti vichache. Nilikuwa nimenunua mchele sokoni pale pale, nikaujaza kwenye bakuli mpaka mfuniko ukakataa kukaa. Nilisimama nje ya nyumba ile, mwanamke wa makamo na begi, nikashindwa kusema hodi. Mtoto wa kike akanipita akasema, "Mama, pita tu, bibi yuko nyuma."

Mama Leokadia alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, mwembamba sasa, kitambaa kichwani. Nilipiga magoti, nikampa pole, nikajitaja jina. "Yusta," akarudia, akanishika mkono bila kuuachia. "Yusta wa Friji." Nilifungua kanga nikaweka bakuli mbele yake. Alipitisha kidole kwenye ua moja lililobanduka. "Hili nimelingoja sana," akasema. "Ni la harusi yangu."

Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchele pembeni walinitazama, kisha wakaendelea.

"Siku ile tulikukosa," Mama Leokadia akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za safari. "Baba Leokadia alisema umetoka. Uliporudi, naona ulikuta chakula kimeshapoa."

Nikaujua mlango ule. Ulikuwa uleule, umeachwa wazi kidogo vilevile, na safari hii hapakuwa na Meneja, wala barua, wala miezi miwili. Nilitazama mkeka.

"Kilikuwa bado cha moto, mama," nikasema. "Kilikuwa kinatoa mvuke."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Najua. Niliona pazia. Nilimwambia njiani, yule mtoto yumo ndani. Akaniambia nyamaza, hajathibitishwa kazini." Akavuta bakuli karibu yake, akaanza kumimina mchele kwenye ungo, punje kwa punje mwishoni, akipangusa ndani kwa kiganja mpaka likawa tupu. Kisha akamwita mjukuu wake, akampa bakuli, akamwambia apakue wali wa mgeni humo humo, na samaki juu, na alete haraka kabla chakula hakijapoa.